Subiri, Nakuunganisha

9 Januari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hapo nyumbani wote mnaamka vizuri, wewe, wifi, na Mama wetu. Mimi mzima, ila baridi ya chumba hiki itanimaliza. Dirisha halifungi, nimelibana kwa gazeti, na mwenzangu ninayekaa naye anakoroma kama jenereta. Mitihani nimefaulu yote, hata ule wa takwimu. Jioni bado nakaa kwenye dawati la maktaba nikigonga mihuri. Mwambie wifi kitenge alichonipa ndicho najifunikia miguu nikisoma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ujumbe wangu kwenye simu huujibu. Nimekutumia video, nimekutumia makala, zote naona umefungua na hujasema kitu. Kifurushi hiki kilikuwa lazima kije kwa ofisi ya mizigo, basi nikaona nikuandikie kwa karatasi, labda karatasi utaiheshimu.

Kaka, mtaalamu wa matamshi alituambia wote wawili, tumesimama kwenye ile korido ya hospitali, kwamba mtu aliyepata kiharusi maneno yake hurudi zaidi mwaka wa kwanza. Ukipita, mlango unaanza kujifunga. Mama aliugua Septemba. Mimi nilikaa wiki mbili nikarudi masomoni, najua, usinikumbushe. Lakini ninachosomea ni ubunifu wa mafunzo. Kazi yangu ni kujua mtu anajifunzaje na kumpangia masomo yamwingie. Nisipomsaidia mama yangu mzazi arudishe maneno, nimesoma bure.

Ndani ya kifurushi kuna kadi za picha, nimezichora na kuzikata mwenyewe. Mwonyeshe kadi moja, taja jina, halafu subiri. Akitamka hata mwanzo wa neno, msifu hapo hapo. Hiyo inaitwa nadharia ya tabia: jambo linalosifiwa hurudiwa. Usimpe kadi nyingi kwa mkupuo, akili ina mlango mwembamba, na hiyo ni nadharia nyingine. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia viungo vya mtandaoni, ukibonyeza utaona jinsi wenzetu wanavyofanya.

La mwisho, na usinikasirikie. Nilipokuwa hapo nilikuona. Mama akifungua mdomo tu, wewe umeshamjibia. Anataka chai. Anataka kulala. Usimmalizie, Kaka. Mwache atafute neno mwenyewe.

Nitapiga simu nikipata nafasi.

Mdogo wako


2 Februari

Profesa,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba nimeikalia. Nitaitoa siku nikipoa.

Huku tunasukuma. Wifi yako anakusalimu, anasema kitenge kile alikupa uvae, si ufunike miguu. Karakana imejaa mafriji ya watu, mengine yamekaa mgongo wazi wiki nzima nikisubiri kompresa, na wenyewe wanakuja kila asubuhi kuniangalia kama nimewaibia. Bati la bafuni linavuja, nimeweka ndoo.

Unanitumia viungo. Viungo ninavyovijua mimi ni vya aina mbili. Kuna vya jikoni, na kuna vya Mama, mkono na mguu wa kulia, ambavyo kila alfajiri navikanda kwa mafuta kabla sijaenda kufungua karakana. Hivyo vyako vya kubonyeza sivijui, na vidole vyangu vina grisi.

Kadi nimemwonyesha. Nilianza na kikombe. Nikasema "kikombe", nikasubiri kama ulivyoagiza. Mama akaiangalia kadi. Akaangalia kikombe chenyewe, kilikuwa mezani mbele yake, kina chai, inapoa. Halafu akaniangalia mimi kama mtu aliyekosea namba, akasema. Unajua alichosema. "Subiri, nakuunganisha."

Ndiyo hiyo hiyo tu. Miaka yote ile akiunganisha simu za watu kwenye swichibodi ya hospitali, kichwani amevaa lile dude la kusikilizia, na kilichombakia ni sentensi moja. Akitaka maji, "Subiri, nakuunganisha." Akitaka chooni, hiyo hiyo, ila haraka. Nikichelewa kurudi ananiambia kwa sauti ya chini, taratibu, na nakuapia inauma kuliko tusi. Juzi walikuja watu wa kumwombea. Mkubwa wao akafumba macho akaanza kumwita Mungu, akaita, akaita, mpaka Mama akafumbua jicho moja akamwambia, "Subiri, nakuunganisha." Wifi yako alikimbilia jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa katikati, sikuwa na pa kukimbilia.

Haya, cheka, halafu nisikilize. Unaniambia nisimmalizie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikikaa kumsubiri atafute neno "choo", nani anafua shuka? Wewe na nadharia ya tabia?

Na hilo la simu. Siku hizi yangu ikilia mezani, Mama anaidaka kwa mkono wa kushoto kabla hatujafika. Anakaa wima, anaweka sikioni, anasema sentensi yake. Wateja wangu wanadhani wamepiga ofisi ya watu, wanakata. Wakikata, Mama huirudisha mezani. Ila kuna mmoja mwezi uliopita alikata, na Mama akabaki nayo sikioni, anasikiliza tu, mpaka chai ikaweka utando. Wifi yako aliogopa kumnyang'anya.

Unasema utapiga ukipata nafasi. Nafasi ni mtu? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Piga aisikie sauti yako, au funga mkoba uje.

Kaka yako


20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Ikalie na hii.

Salamu zako nimezipata, wifi namshukuru, kitenge nitakivaa joto likija. Barua yako niliisoma dawatini, nikaikunja, nikaikunjua, na msomaji aliyekuja kuazima kitabu nikamgongea muhuri wa jana. Hiyo ndiyo hali uliyoniacha nayo.

Umenicheka. Si mara ya kwanza. Nilipopata nafasi chuoni ulinicheka mbele ya wageni, ukauliza ubunifu wa mafunzo ndiyo kazi gani, kupaka ubao rangi? Siku ya mtaalamu wa matamshi mimi niliuliza maswali, nikaandika majibu, na wewe ukamwambia, "Msamehe dokta, huyu ana kiherehere." Ningekuwa mwanamume ungesema nina akili.

Kadi nakubali nilikosea. Nimerudi kwenye vitabu nikaona kosa langu. Mtu mzima hajifunzi kwa kuonyeshwa kikombe kama mtoto, anajifunza kwa kitu chenye maana kwake, kinachoanzia pale alipo. Muhula huu tunasoma nadharia nyingine, ya miunganisho. Inasema maarifa hayakai kichwani mwa mtu mmoja peke yake, yako kwenye nyuzi kati ya mtu na mtu. Usilicheke jina. Nikilisoma namkumbuka Mama na waya zake.

Lakini la kumsubiri silirudishi nyuma hata ukiniandikia barua kumi. Walimu wengi wakiuliza swali hawavumilii ukimya, wanajijibu wenyewe. Waliojifunza kunyamaza kidogo wameshangaa, hata wale walioitwa wazito wakaanza kujibu. Wewe huuvumilii ukimya, Kaka. Unaujaza. Mama si friji, humjazi gesi ukamwambia mwenyewe aje achukue.

Kuhusu simu, nitaona.

Hapo chini nimekuandikia kiungo kimoja tu. Ni video ya mama mmoja aliyeugua kama wetu, anafundishwa na watoto wake sebuleni. Mwambie wifi akifungue kwenye simu yake, yeye vidole vyake havina grisi.

Mdogo wako


15 Machi

Wewe,

Salamu leo hazipo. Mama mzima, wifi yako mzima, ndoo ya bafuni imejaa.

Kiungo chako tumekifungua. Wifi yako aliniletea chakula karakana, akakaa kwenye kreti, akasema ngoja nikubonyezee hii video ya dada yako. Mimi nilikuwa nimelala chini ya friji la muuza nyama, mikono imejaa mafuta. Nikamwambia nisomee.

Haikuwa video. Ulikosea kunakili, Profesa. Ni ule ukumbi wenu wa darasa huko mtandaoni, mnapobandika kazi zenu mkasifiana. Na kazi yako ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Sikiliza nikusomee na mimi. "Mhusika ni mwanamke wa umri wa makamo aliyepoteza lugha. Anaishi katika mazingira duni." Mazingira duni. Sakafu ile ya vigae Mama alikwenda kuchagua mwenyewe, kimoja kimoja, akirudisha vyenye ufa, na wewe ukajifunzia kutembea juu yake. Endelea. "Mlezi mkuu ni mwanawe wa kiume, fundi asiye na mafunzo yoyote ya ulezi. Humalizia sentensi za mhusika. Mlezi huyu ni kikwazo cha mazingira."

Wifi yako akazima simu akasema basi, yametosha. Nikamwambia washa, endelea. Wenzako wako chini wamepanga foleni. Mmoja anashauri mlezi abadilishwe. Nibadilishwe kama betri. Mwingine anakupongeza kwa kupata mhusika mzuri. Na ile hadithi ya maombi, niliyokuandikia wewe, dada yangu, ili ucheke peke yako huko kwenye baridi, umewabandikia, na wamecheka. Nimeona vile vijiuso vya kucheka mpaka machozi. Wanamcheka mama yangu watu nisiowajua hata sura.

Mama hakukupa ruhusa. Na usiniambie hawezi kusema. Ungemuuliza angekujibu kwa macho, ila kwa macho lazima mtu awe mbele yako. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hupo, na bado umechukua letu.

Usinitumie kitu. Wala kadi, wala kiungo.

Kikwazo


4 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nimeifuta. Siku ile ile barua ilipofika nimeifuta, na nimemwambia mwalimu anipe kazi nyingine hata akinikata alama. Samahani kwa neno lile, na samahani kwa hadithi ya maombi. Ilikuwa yako na haikuwa yangu kuitoa. Mazingira duni niliandika kwa sababu mwalimu anapenda maneno hayo. Nimeona haya kuliko unavyofikiri.

Lakini sikuombi msamaha kwa yote, maana ukweli ni kwamba unamjibia, na unajua unamjibia. Hukuniandikia hata mstari mmoja kusema umejaribu kunyamaza.

Na kwa kuwa umenivua nguo, acha nikae hivyo hivyo. Kila barua unaniuliza kwa nini sipigi. Unakumbuka tukiwa wadogo, tukirudi shule, ukinipeleka duka la kona tumpigie Mama kazini? Mwenye duka ananiinua kwenye kaunta, ananiwekea simu sikioni. Nasema, "Mama, ni mimi." Na Mama, mama yangu mimi, ananijibu kwa sauti ile ya ofisini, "Subiri, nakuunganisha." Kama mteja. Kama mtu anayemtafuta mgonjwa wa wodi namba fulani. Halafu kimya. Hakuna anayepokea, hakuna muziki, hakuna kitu. Nakaa na ule ukimya mpaka nahisi duka zima linaniangalia. Ndipo nakata.

Ananiunganisha na nani? Nilimpigia yeye. Niliapa moyoni sitampigia tena kazini, na sikumpigia mpaka alipostaafu.

Sasa niambie. Alikuwa na maneno chungu nzima, Mama yule. Alikuwa na methali, alikuwa na matusi ya chini chini, alikuwa na jina langu. Kiharusi kikapita humo ndani, kikachagua, kikamwachia sentensi ile. Hiyo hiyo. Wewe inakuchekesha. Mimi siwezi kuisikia.

Usiniambie subira huvuta heri.

Mdogo wako


30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Karibu miezi miwili, na hakuna barua. Wifi namtumia ujumbe ananijibu "wote wazima, kaka yako ana kazi". Kazi gani hiyo isiyo na Jumapili?

Mitihani inaanza kesho kutwa. Sijui nitaandika nini, maana kila swali la nadharia nikilisoma nawaona nyinyi wawili mmekaa sebuleni hamsemi. Kama umeamua kuninunia, ninunie, lakini niambie Mama anaendeleaje. Hilo ni haki yangu hata kama mimi ni mtu mbaya. Septemba ni karibu.

Nijibu hata kwa tusi.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Tusi nimetafuta, sikupata linalokutosha.

Huku tupo. Bati nimeziba. Wifi yako amepata kikohozi kikamwacha. Mama amenenepa kidogo, mguu unakanyaga, anafika mlangoni na fimbo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na fundi mwenye hasira hashiki waya. Nilisubiri nipoe. Sijapoa. Nimeamua kukuandikia hivyo hivyo na moto wangu.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja nikaiweka juu ya kabati. Nilisema huyu ana kichaa. Nilidhani unajua. Miaka yote hii, mtu mzima, msomi, nilidhani unajua.

Msimamizi wao pale swichibodi alikataza simu za nyumbani. Mtu mwembamba, viatu vyake havina sauti, anatembea nyuma ya viti vyao mikono mgongoni. Aliyekutwa anaongea na mtoto wake anarudishwa nyumbani siku hiyo bila malipo. Kwa hiyo Mama akisikia sauti yetu anasema ile ile anayowaambia wateja, kwa sauti ile ile, msimamizi asishtuke. "Subiri, nakuunganisha." Anachomeka waya kwenye laini ya chumba cha mashuka, ambako hakukai mtu. Ule ukimya, mpumbavu wewe, ulikuwa wetu. Alitufichia humo. Msimamizi akishapita, Mama anageuza kichwa kuhakikisha, halafu anaingia kwenye laini, anasema polepole, "Bado upo?" Nami nasema, "Nipo." Ndipo tunaongea. Mmekula? Mlango mmefunga? Mdogo wako analilia nini?

Wewe ulikuwa unakata. Kila zamu yako unakata kabla sijakunyang'anya simu. Mama anarudi kwenye laini anauliza "bado upo" na hakuna mtu. Jioni akikueleza, unaziba masikio kwa vidole na kujitupa kitandani. Baadaye akachoka kueleza, akasema huyu akikua ataelewa. Umekua. Umesomea hata nadharia ya miunganisho.

Hujamaliza kunisikia. Jana nilikumbuka ile simu ya Januari, ya yule aliyekata na Mama akabaki anasikiliza mpaka chai ikapoa. Nikatafuta kwenye simu yangu. Namba siijui. Nikaipiga. Akapokea binti mmoja mwenye adabu, akasema, "Maktaba ya chuo, nikusaidie nini?" Nikakata. Na mimi leo nimejua kukata.

Kwa hiyo ulipiga. Ulipiga, akakuambia subiri, ukakata, ukakaa chini ukaniandikia mimi barua kunifundisha kusubiri. Ukasema nitapiga nikipata nafasi. Nikimfikiria Mama na ile simu sikioni, natamani kukuzaba kofi la mkono wenye grisi.

Mtaalamu wa matamshi tumekwenda kumwona. Amesema ile sentensi si makapi. Amesema hapo ndipo maneno mengine yanaweza kushikia, ila muda unatuacha. Akaniuliza, hii sentensi zamani ilikuwa inafuatiwa na nini? Nilijua jibu na nikajua ni nani anayetakiwa kupiga simu.

Piga Jumapili hii ijayo asubuhi, akishaoga. Simu nitamwekea karibu yake na sitaigusa. Na ile subira yako nimeijaribu tangu mwezi wa nne. Sikuambii imeleta nini, usije ukaibandika mtandaoni.

Usikate.

Kikwazo


29 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Wifi yako anasema matokeo yako ametumiwa na ameyaona, anapiga vigelegele peke yake jikoni. Friji la muuza nyama limekataa tena. Hasira bado ninazo, na ukija likizo utazikuta zimekusubiri hapo mlangoni, maana nyumba hii sasa kila kitu kinajua kusubiri.

Jumapili wewe ulisikia upande wako. Nakuandikia upande wa huku, uwe nao, na huu nakuruhusu ukaupeleke darasani ukitaka, ila usiseme mazingira duni.

Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Wifi yako alimchana nywele, akamvalisha ile blauzi ya kola aliyokuwa akienda nayo kazini, sijui nani alimtuma. Simu ilikuwa kwenye meza ndogo, sauti nimeifungulia mpaka mwisho. Ilipolia, Mama aliidaka, akakaa wima. Akasema, "Subiri, nakuunganisha." Akaishusha mapajani.

Hukukata. Tulikusikia unapumua.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilitaka kusema, Mama, ni mtoto wako huyo, ongea naye. Lilikuwa limeshafika kooni. Wifi yako akanikanyaga kidole cha mguu, na ana mwili, unamjua. Tukakaa hivyo. Gari ikapita nje. Muuza mkaa akaita mpaka akachoka, akaenda zake. Nikaona hapana, amesahau kama kuna mtu kwenye simu.

Ndipo Mama akageuka. Aligeuza kichwa polepole kuangalia nyuma ya kiti chake, upande wa ukuta, ambako hakuna kitu ila kalenda. Akaangalia vizuri, huku na huku. Alikuwa anamtafuta msimamizi.

Hakumwona. Akainua simu mpaka mdomoni, akainama kuificha, akasema, "Bado." Halafu neno likagoma. Alihangaika nalo. Mdomo unafunguka, unajifunga, jicho lile la kushoto linajaa maji kwa hasira, na ile hasira niliijua, ni hii hii yangu na yako, tumeirithi. Akapiga sakafu kwa mguu wa kushoto. Neno lenyewe mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu zima zima, fupi, jepesi, ningelisema tu tukamaliza. Nilijing'ata. Bado nina kidonda.

Akasema, "Upo?"

Wifi yako alikaa chini sakafuni.

Na wewe ukanyamaza. Mama ameshika simu kwa mkono mmoja anasikiliza, na kule kwako kunasikika mtu anavuta makamasi na hasemi neno. Nikajua unalia na huwezi. Nikaona uso wa Mama unaanza kuwa ule wa Januari. Nikapiga hatua, nikafungua mdomo nikujibie.

Nikaufunga. Nikasubiri.

Ukasema, "Nipo, Mama."

Marahaba.

Kaka yako